Pembe za Shuka

Mama Shazia aligundua kwa pua kabla ya macho. Alirudi kutoka kiwandani saa tisa na nusu alasiri, mabega yamekufa ganzi, akiwa amejiandaa kwa ile harufu ya kila siku inayompokea mtu mlangoni kabla hajavua viatu. Siku hiyo haikumpokea. Chumba cha mama mkwe wake kilinukia sabuni ya dawa, ile nyekundu ya hospitali, ambayo yeye hakuwahi kuinunua.

Alisimama hapo na kikapu chake mkononi. Mama mkwe alikuwa amelazwa ubavu, mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine mdogo katikati ya magoti. Kucha zake zilikuwa zimekatwa. Shuka lilikuwa limenyooshwa bila kunyanzi hata moja, na pembe zake zote nne zimekunjwa kwa mshazari na kuchomekwa chini ya godoro, kama mtu anavyofunga bahasha. Mama Shazia alikitandika kitanda hicho asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, na tangu azaliwe hajawahi kukunja pembe ya shuka namna ile.

"Nani amekuja hapa, mama?"

Bibi kizee alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule ambao bado ulimtii. Tangu kiharusi kimwangushe, miezi miwili nyuma, alikuwa amebakiwa na sauti moja tu, "ee," na aliitumia kwa njaa, kwa maumivu na kwa salamu. Siku hiyo aliitumia kwa jambo jingine, na mkwewe hakulipenda.

Jina la Mama Shazia msilitafutie mtoto. Shazia ni ile sindano nene ya kushonea magunia, na yeye alikuwa mmoja wa wanawake kumi na wawili waliokaa chini ya bati la kiwanda cha unga kutwa nzima wakiziba matundu ya panya. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, kwa hiyo wenzake walimpa jina la sindano, likamkaa. Mumewe naye aliitwa Sajini. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka mitatu iliyopita na wanaume wamerudi na makoti mazito yasiyo na kazi kwenye jua. Sajini alirudi na koti, na saa ya mkononi, na kisa cha daraja walilolishika siku tatu bila maji ya kunywa. Kisa hicho alikisimulia kila Jumamosi kwa kinyozi, na ndicho kilichompa unyapara wa wachukuzi katika ghala la pamba, maana meneja alitaka mtu aliyezoea risasi ili wachukuzi wamwogope.

Nyumbani Sajini hakushika sufuria wala ndoo. Mama yake alipoanguka, alisimama mlangoni mwa chumba, akamtazama, akasema kazi ile ni ya wanawake na wanawake wa nyumba hii wapo. Wanawake wenyewe walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kwenye magunia tangu saa moja asubuhi. Wa pili, dada yake Sajini, aliahidi kuja kila mchana kumgeuza na kumbadilisha mama yake.

Basi Mama Shazia akajiambia ni wifi. Alijiambia hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na wiki nzima, kila siku akikuta kitanda kikavu na zile pembe za bahasha. Vidonda vya kulalia vilivyokuwa vimeanza kufunguka kiunoni mwa bibi kizee vilipakwa unga mweupe, vikaanza kufunga. Alipokutana na wifi yake sokoni Jumamosi, alimshika mikono yote miwili akamshukuru mbele za watu. Wifi alitabasamu kwanza, kama mtu yeyote anayeshukuriwa. Kisha tabasamu likamshuka.

"Unanisema kwa mafumbo, wifi?" aliuliza. "Kama hujapenda nisivyokuja, niambie tu. Mguu wangu unaniuma. Sijafika kwenu wiki tatu."

Mama Shazia alirudi nyumbani na vitunguu tu. Vingine vyote alivisahau.

* * *

Jioni ile alimuuliza mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani anamshughulikia mama mchana. Sajini alikuwa akifungua kamba za viatu. Hakuinua kichwa. Alijibu kwamba ni dada, nani mwingine.

Mtu akidanganywa mara moja, masikio humwota mwili mzima. Mama Shazia alianza kuchunguza. Mikono ya shati la mumewe, sehemu ya kiwiko, ilikuwa na mistari ya kukunjwa. Shingoni na vidoleni alinukia ile ile sabuni nyekundu. Saa yake ya mkononi, ambayo hakuivua hata akilala, ilikuwa na tone la maji chini ya kioo. Alipojumlisha hayo yote akapata jibu moja, na jibu hilo lilikuwa na matiti mawili na miguu miwili.

Kilichomuuma zaidi ni ujanja wa huyo mwanamke. Wengine huiba mume kwa mlango wa mbele, kwa manukato na vicheko. Huyu aliingia kwa mlango wa mama mkwe. Alimwogesha mama, akamkata kucha, akamponya vidonda, na bibi kizee asiye na ulimi akacheka naye. Akishaupata moyo wa mama, nyumba atanyimwa na nani? Mama Shazia alimtazama mama mkwe wake huku akimlisha uji kwa kijiko, akahisi anamlisha shahidi wa upande wa pili.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili katika uwanja wa nyumba sita, bomba moja, kamba moja ya kuanikia. Mlango wa mbele ulitazama uani na wa nyuma ulitokea uchochoroni. Karibu na lango la uani aliishi jirani mmoja aliyeitwa Kufuli. Walimpa jina hilo kwa kejeli, kwa kuwa hakuna neno lililowahi kufungiwa kinywani mwake likalala. Mama Shazia hakupenda kumuuliza chochote, lakini alimuuliza. Kufuli alifurahi kama mtu aliyesubiri kuulizwa mwezi mzima.

"Mimi nilidhani unajua," alisema. "Mchana, king'ora cha ghala kikishalia, humo chumbani kwa bibi maji humwagika. Na kuna mtu anasema taratibu, taratibu, kama anambembeleza mtoto. Langoni kwangu hapiti. Anaingilia uchochoroni, na anayeingilia uchochoroni unamjua mwenyewe."

King'ora cha ghala kililia saa sita. Wanaume walipumzika kwa muda wa saa moja na nusu. Hilo nalo likaingia kwenye hesabu.

Jumatano Mama Shazia alikwenda kwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake Sajini, fundi baiskeli aliyesuluhisha mambo ya ukoo bila kuacha kuziba mpira. Alimsikiliza huku akitafuta tundu la pancha ndani ya karai la maji. Alimwambia kwamba hawezi kumwita mwanamume mzima kikaoni kwa sababu ya sabuni. Lakini aliposikia ushuhuda wa Kufuli alikubali. Kikao kikapangwa Jumapili, nyumbani kwao, na wifi na mumewe wangekuwepo. Mpaka siku hiyo, alisema Baba Mkubwa, heri Mama Shazia aone kwa macho yake.

* * *

Ijumaa alimwambia msimamizi wa kiwanda kwamba jino linamuua. Msimamizi akamwambia afungue mdomo, akachungulia mbele ya wenzake wote kumi na mmoja kama anayenunua punda. Aligusa jino lililokuwa zima, Mama Shazia akapiga ukelele wa uongo, wenzake wakacheka, akaruhusiwa. Njia nzima aliona aibu, na aibu hiyo nayo akamwandikia yule mwanamke kama deni.

Alijificha katika chumba cha mbele, walimolala yeye na mumewe, nyuma ya pazia lililotenganisha vyumba viwili. Alikuwa na shazia mkononi. Hakujua angeifanyia nini.

King'ora kikalia. Baada ya dakika chache mlango wa nyuma ukafunguka taratibu. Alisikia viatu vizito, akavijua. Akangoja viatu vingine. Havikuja. Sajini aliingia peke yake, akachungulia uchochoroni, akarudishia mlango, akasikiliza. Kisha akafanya mambo kwa mpangilio ambao mkewe hakuwahi kumwona nao katika miaka ishirini na mbili ya ndoa.

Alivua saa, akaiweka dirishani. Akakunja mikono ya shati juu ya viwiko. Akatoa chini ya kitanda beseni na mfuko wa turubai, na ndani ya mfuko sabuni nyekundu, kopo la unga mweupe na vitambaa vilivyokunjwa sawasawa. Akachanganya maji, akayapima kwa kiwiko.

"Haya, askari," alimwambia mama yake. "Leo tunageuka kulia. Taratibu. Moja, mbili."

Mikono yake ilimgeuza bibi kizee kwa mara moja, bila kumvuta wala kumwumiza, kwa kulivuta shuka alilolalia. Mama Shazia aliyekuwa akimgeuza kila asubuhi kwa jasho na kilio alitazama asiamini. Halafu Sajini alimfunika mama yake shuka jingine kuanzia shingoni hadi miguuni. Akaingiza mkono wenye kitambaa chini ya shuka hilo, na uso wake akaugeuzia ukutani. Alimwogesha mwili mzima hivyo, kwa kupapasa, macho yakitazama ukuta, akisema taratibu, taratibu. Hakutazama hata mara moja. Bibi kizee alifumba macho. Mwishoni Sajini alitandika upya, akakunja pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne, upesi, kama mtu aliyewahi kukunja pembe elfu.

Mama Shazia alikuwa amekaa chini bila kujua alikaa lini. Moyo ulimshuka kwa nafuu mpaka akataka kucheka. Nafuu hiyo haikukaa. Nyuma yake ilikuja hasira, kisha shaka mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. Kazi ile mtu hajifunzi akiwa amelala handakini akilinda daraja. Mtu huyu aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa nani hasa, na vita gani alipigana?

Na kwa nini ajifiche? Hilo alilijua. Wote walilijua. Mwaka uliopita mchukuzi mmoja wa ghalani alionwa akifua nepi za mtoto wake, mkewe akiwa mgonjwa. Wachukuzi walimpa jina la Shangazi. Walimwamkia kwa sauti nyembamba, wakamwekea ubeleko juu ya robota lake, mpaka akaacha kazi na kuhama mji. Jina hilo halikutungwa na wachukuzi. Lilitungwa na mnyapara wao, Sajini mwenyewe, na alilisimulia hapa hapa mezani akicheka hadi machozi.

Jioni alimpa nafasi. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Nani anamwogesha mama?"

"Nilishakwambia. Dada."

"Dada yako hajafika mwezi sasa. Jumapili Baba Mkubwa anakuja hapa. Watu wanasema una mwanamke, unamleta humu mchana. Nataka uniambie mimi kabla hujawaambia wao."

Sajini alitafuna kwa muda mrefu tonge ambalo lilikwisha zamani. Akasema Jumapili atajibu mwenyewe. Basi mkewe naye akanyamaza. Akaona acha kikao kimkamue, acha aseme ukweli mbele ya dada yake mvivu na jirani yake mmbea, wote wasikie ni nani aliyekuwa akimtunza mama yao. Alilala na wazo hilo, na lilikuwa wazo tamu.

* * *

Jumapili walikaa chumba cha mbele, Baba Mkubwa kwenye kiti chenye mikono, wifi na mumewe kwenye benchi, Kufuli karibu na mlango. Pazia la chumba cha bibi kizee lilikuwa limeshushwa. Sajini alivaa koti lake la vita, katika joto lile, na jasho lilimtiririka kwenye masikio.

Kufuli alieleza aliyoyasikia na akaongeza kidogo ambayo hakuyasikia. Wifi alisikitika kwa ulimi, akisema yeye siku zote alimwona kaka yake mtu wa heshima. Baba Mkubwa alimgeukia Sajini akamuuliza, kwa ufupi, kama kuna mtu anayeingia katika nyumba hii mchana mkewe akiwa kazini.

Mama Shazia alimtazama mumewe. Alimwona akitazama pazia, akitazama mikono yake, akimtazama mume wa dada yake, ambaye alifanya kazi mlango wa pili kutoka ghala la pamba.

"Ndiyo," Sajini alisema. "Kuna mwanamke."

Chumba kizima kilipumua. Hilo ndilo Mama Shazia hakulisahau maisha yake yote, jinsi walivyopumua. Mume wa wifi aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Baba Mkubwa alikunja uso kama ilivyompasa, lakini sauti yake ililegea, ikawa sauti ya mwanamume anayezungumza na mwanamume jambo wanalolielewa wote. Alisema hayo hutokea, ila si ndani ya nyumba, si chumba kimoja na mzazi aliyelala. Alimtaka amwombe mkewe radhi. Sajini akaomba radhi, macho chini. Mama Shazia aliombwa msamaha kwa kosa ambalo halikutendwa, na mwombaji alikuwa radhi kuitwa mzinzi kuliko kuitwa mtoto mwema. Alihisi amevuliwa nguo hadharani na kuambiwa ashukuru.

"Na huyo mwanamke," Baba Mkubwa akaendelea, "kuanzia leo asikanyage hapa. Jirani, wewe uko nyumbani mchana. Utaangalia mlango wa mbele na wa nyuma. Akionekana mtu, niite."

Kufuli alisema ataangalia, tena kwa moyo mmoja.

Hapo ndipo Sajini alipoinua macho. Mkewe aliona alichokiona. Jumatatu king'ora kitalia, Kufuli atakuwa uchochoroni na kiti chake, na hakuna atakayeingia. Bibi kizee atalala kwenye maji yake tangu asubuhi hadi alasiri. Vidonda vitafunguka tena. Mdomo wa Sajini ulifunguka, ukafumba. Nyuma ya pazia mama yake alisema "ee," na kila mtu alijifanya hakusikia.

"Baba Mkubwa," Mama Shazia alisema. "Mimi nataka aendelee kuja."

Walimtazama.

"Huyo mwanamke. Nataka aje kama kawaida, saa sita, kila siku. Jirani asimzuie."

"Unajua unalolisema, mkwe wangu?"

"Najua. Mama alikuwa na vidonda, sasa vinapona. Anamgeuza vizuri kuliko mimi. Anamwogesha vizuri kuliko mimi. Wifi mguu unamuuma, hawezi kuja. Mimi niko kwenye magunia. Sasa mkimfukuza, nani atamshika mama? Nani kati yenu?"

Wifi alitazama mguu wake. Baba Mkubwa alisema kwamba ameshakaa vikao vingi lakini hiki hakukitegemea, na kwamba kama mwenye nyumba ameridhika, yeye ni nani. Alichukua kofia yake. Kufuli alitoka wa mwisho, akijivuta, akimtazama Mama Shazia kwa huruma ambayo ilimchoma kuliko tusi.

* * *

Walipobaki wawili, Sajini alivua koti. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Uliniona," alisema.

"Ijumaa."

Alikwenda chumbani kwa mama yake, akatoa beseni. Mkewe alimfuata, akashika upande wa pili wa shuka bila kuombwa. Sajini alimwonyesha pa kukamata, karibu na bega na karibu na nyonga. Moja, mbili. Bibi kizee aligeuka bila kilio.

"Ile habari ya daraja," Mama Shazia alianza.

"Ipo. Ni ya mtu mwingine. Alinisimulia kabla hajafa." Aliloanisha kitambaa. "Mbele mimi sikufika. Niliwaona waliotoka mbele. Miaka minne kwenye mahema ya majeruhi, mimi na beseni. Wanaume wakubwa, wana ndevu, wana vyeo, unawageuza kama watoto wachanga, na usiku kucha wanaita mama, mama. Kila lugha, mama. Nikajiambia wa kwangu akilala hivi sitamwacha alowe. Lakini kusema..." Akakamua kitambaa. "Ningewaambia nini pale? Jumatatu nitaitwa nani ghalani?"

"Na mimi?" mkewe aliuliza. "Kesho nitaitwa nani bombani?"

Sajini alikunja pembe ya shuka. Haikukaa vizuri. Akaikunja tena.

* * *

Aliitwa mengi. Siku ya Jumatatu aliitwa Mwenye Moyo. Siku ya Jumanne aliitwa Bi Mkubwa, kwa heshima iliyopakwa pilipili. Bombani wanawake walimpisha foleni kama anavyopishwa mfiwa, na akishageuza kisogo walicheka. Kiwandani habari ilifika kabla yake. Wenzake walimwuliza kama mke mwenzake atakuja kumsaidia na magunia pia, maana inaonekana ana mikono mizuri. Msimamizi aliyechungulia jino lake alimwuliza kama ile ruhusa ya Ijumaa ilikuwa ya kwenda kumtafutia mumewe mke. Mama Shazia alishona. Alichoma kidole mara tatu katika wiki moja, jambo ambalo halikumtokea tangu alipokuwa mwanagenzi.

Nyumbani hakumwambia mumewe hata moja. Alimwachia tu maji ya moto kila asubuhi ndani ya birika lililofungwa kwa blanketi, na shuka safi juu ya kiti.

Jumamosi kiwanda kilifunga saa tano. King'ora cha ghala kilipolia, yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake wa mbele, akichambua mchele. Alisikia mlango wa nyuma ukifunguka na kufungwa. Alisikia beseni likivutwa chini ya kitanda. Haikuchukua muda Kufuli akatokea na ndoo ya nguo chache ambazo zilionekana zimefuliwa jana, na nyuma yake wanawake wengine wawili wa uani, nao na ndoo. Walijipanga bombani wakitazama dirisha la bibi kizee. Siku nyingine Mama Shazia alikuwa kazini. Leo walitaka kumwona uso wake, na kumwona mwanamke wa pili akitoka.

"Yumo?" Kufuli aliuliza.

"Yumo."

"Na wewe umekaa nje."

"Nachambua mchele."

Kufuli alifungua bomba, akalifunga. Alisema hapendi kuingilia ya watu. Alisema yeye angekuwa ni Mama Shazia asingeweza, angekufa kwanza. Wale wawili wakaitikia. Kisha akasema lile alilolijia, kwa sauti ya kutosha kufika barabarani.

"Lakini mwanamume haendi nje bure, mama. Kila mtu anajua kasoro yake. Mtoto mmoja tu miaka yote hii, na mwenyewe unanuka magunia. Ndiyo maana umekubali. Unaogopa ukikataa utatoka wewe."

Mama Shazia aliendelea kuchambua. Aliona punje za mchele zikiwa mbili mbili, kisha hakuziona. Ndani ya chumba cha bibi kizee maji yaliyokuwa yakimwagika yaliacha kumwagika. Sauti ya taratibu, taratibu ilinyamaza. Dirisha lilikuwa wazi muda wote.

Alihesabu kimoyomoyo. Alitarajia kusikia mlango wa nyuma ukifunguka na viatu vizito vikiondoka uchochoroni. Aliujua mlango ule na alijua mtu wake. Akajiandaa kumsamehe hata kwa hilo, na akaona kwamba safari hii asingeweza.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa mbele, nyuma ya mgongo wake.

Sajini alitoka amekunja mikono ya shati juu ya viwiko. Povu lilimkaukia kwenye mikono. Alibeba beseni, na ndani ya beseni shuka la mama yake lililolowa, na gauni lake, na vile vitambaa. Hakuwa amevaa saa. Alimpita mkewe, akavuka uwanja mzima, akafika bombani. Wanawake wakampisha. Alimwaga maji machafu mferejini, akafungulia bomba, akachuchumaa, akaanza kufikicha shuka mbele yao kwa mikono miwili, kama mtu anayeijua kazi. Alilisuuza mara tatu.

Akalikamua, akaenda kwenye kamba. Alilitupa juu, akalivuta pembe kwa pembe mpaka likanyooka. Kisha gauni la mama yake. Kisha vitambaa, kimoja kimoja. Mwanamke mmoja alianza kucheka, akaangalia wenzake, akaacha. Jumatatu ghalani kungekuwa na jina jipya, na yeye aliyetunga la mwenzake alijua vizuri jinsi majina yanavyoshika.

Kufuli hakuwa anatazama kamba. Alikuwa amenyoosha shingo kuelekea mlango uliobaki wazi, akichungulia giza la ndani, akingoja. Alingoja sana. Kitandani bibi kizee alisema "ee," na hakutoka mtu mwingine.

"Na yule mwanamke?" Kufuli alinong'ona hatimaye. "Mbona hatoki?"

Mama Shazia alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akarudisha ungo mapajani.

"Huyo hapo," alisema. "Anaanika."